Kahawa Aliyoiweka Chini Hamoud

Maskati

Dada yangu Zuwena,

Nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya, haya usimsomee mtu, hata mama. Yeye mwambie sijambo, nakula vizuri. Kifua chake kimepoa? Na wewe, sauti imerudi?

Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyetusomesha zile tamthilia za Waingereza za enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, za wafalme na ndugu wanaomalizana kwa ajili ya kiti. Yule fatani wa mchezo alipowageukia watazamaji kuwanong'oneza hila zake, darasa zima tulicheka. Ukatuuliza nani kati yetu angepanda jukwaani kumwambia mfalme. Kila mtu akainamia daftari lake.

Sasa nnafanya kazi na fatani kama yule. Hamoud, mtoto mdogo wa Ami Nasor mwenye kampuni, mbele ya baba yake hubusu mkono na kulia. Tukiwa garini kwenda ghala la Rusayl hunieleza kila kitu, akicheka. Mzee anaumwa, naye anataka kiti chake.

"Kaka Khalfan ana hasira za karibu," aliniambia. "Mimi namwasha tu. Baba anauona moshi."

Namchukia, Dada. Na nilicheka naye, kwani kibali changu cha kazi kiko mkononi mwake.

Ijumaa iliyopita, barazani kwao Qurum, alikaa upande wa wageni kama si wa nyumba ile. Kahawa ilipomfikia akaiweka chini, hakuigusa. Hapa mtu akifanya hivyo ana haja, na mwenye nyumba huaibika asipoitimiza.

"Kunywa, mnafiki wee," Khalfan akamwambia mbele ya wageni.

Ndicho alichokitaka. Akainamisha kichwa, akaomba Khalfan atolewe kwenye kampuni kwa kuwa amemtakia baba mauti, na kwamba karani, yaani mimi, alimsikia. Uongo mtupu. Wote wakanigeukia, nami nikainamia kikombe changu.

"Kunywa, mwanangu," mzee akasema. "Ijumaa ijayo Seif atasema mbele ya watu. Atakalolisema ndilo nitakalolipitisha."

Garini Hamoud alinipangusa bega taratibu. "Sema vyema, meza ya kaka ni yako. Ukikosea, tiketi ya Unguja nitakukatia mwenyewe."

Nisalimie mjomba seremala, na shemeji yangu mshonaji na wanawe.

Usinipigie, simu yangu Hamoud huishika atakavyo. Mtumie ujumbe shangazi aliye huku Ansab, umuulize tu kama mafua yangu yamepona. Atanifikishia, nami nitajua barua hii umeipata. Baada ya Ijumaa, ukisikia narudishwa, njoo unipokee uwanja wa ndege. Ukisikia nimepewa meza ya Khalfan, usinitafute tena.

Nduguyo mwenye khofu,
Seif