Majigambo Uliyoyatoa Redioni

Kaka Mfanafuthi,

Huku Msinga mvua imenyesha na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Wimbo wako tuliusikia redioni Jumapili, tukiwa tunakula na mama.

Gitaa lilipoanza tu, mama aliweka kijiko chini. "Huo si wangu?" akauliza. Ni wake, na unajua. Ndio aliokuwa akiupiga kwa upinde wake wa muziki, ule wa kibuyu, akikubembeleza ulale.

Ukafika pale katikati, ambapo mwimbaji huacha kuimba akajisifu kwa ukoo wake. Ukamtaja baba. Baba aliyetutupa tungali tunatambaa, ukamwita simba. Ukataja babu zake, ng'ombe zake, hata mto wa kwao ambao maji yake hujawahi kuyaonja. Mama ameinama, anangoja zamu yake ya kutajwa. Wimbo ukaisha.

"Labda redio imekata," akasema.

Mto umepata nafasi mdomoni mwako, MaDladla aliyekuzaa amekosa. Huna haya.

Sasa upinde ameushusha ukutani. Anamfundisha binti yangu wimbo ule, pamoja na majigambo yake. Wewe humo hutajwi.

Ni mimi dada yako,
Bajabhile, mtoto wa MaDladla