Nzi Aliyevaa Nguo za Nyigu

Mdogo wangu Stefania,

Baridi ya Kibondo imenipenda, nimenenepa. Konsolata wangu hajambo, na maharage yake nyuma ya nyumba, shamba lake la kwanza hapa ukweni, yanachanua vizuri kuliko ya majirani wote.

Juzi mamamkwe wake alikuta wadudu wenye mistari ya njano wakielea juu ya maharage. "Nyigu hawa. Tuchome, utapanda mengine." Akawasha mwenge wa nyasi. Mimi nilisimama nyuma ya mlango, siyo kwa hofu.

Mwanangu akamdaka mmoja kwa mkono mtupu. "Mama, huyu ni nzi tu, amevaa nguo za nyigu. Hana mwiba. Watoto wake wanakula vidukari wanaonyonya maharage." Akafungua kiganja, mdudu akaramba jasho, akaruka zake. Mama yule akauzima mwenge mchangani.

"Ninyi watu wa Kasulu mnashika hata simba?"

"Simba hatujajaribu," nikamjibu.

Leo nimemsikia akimsimulia jirani: "Binti yangu haogopi mdudu." Eti binti yake. Wewe watangazie huko Kasulu nani alimzaa. Asubuhi uvae lile sweta langu, mpenzi, usiugue nikiwa mbali.

Dada yako,
Mama Konsolata