Mchoro wa Kumi

Boito

Kwako Shangazi Rebeccah,

Huku majani chai ni mengi, na ng'ombe amezaa ndume. Jana nilienda saiba Bomet, kwenye duka la intaneti, kutuma maombi ya chuo cha sanaa. Walitaka michoro kumi, nami nilikuwa na tisa. Kwa ule wa kumi nilimchora Mama kitandani, alivyokonda.

Baba alikataa. "Utaonyeshaje watu mama yako hivi?"

Mama akafungua macho. "Tuma. Ndiyo sura niliyo nayo."

Nikatuma. Nimechoka, Shangazi, hata kushika penseli sitaki. Majibu yatatoka Septemba. Daktari alituambia tukae na Mama tu nyumbani, hatafika Septemba. Baba hajakupigia kwa sababu hawezi kulisema. Njoo wiki hii.

Mtoto wako,
Chepchirchir