Neno Moja Katika Barua ya Ritah

Sikuda,
11 Februari 2024

Kwa kaka yangu mpendwa Okumu,

Pokea salamu zetu sote. Wewe na wifi Peninah mnaendeleaje huko Malaba? Kifua chako kimepoa? Sisi hapa wazima. Mama analima, na kila siku anauliza mvua itakuja lini.

Nimepata ujumbe wako kwamba Jumatatu unakwenda Tororo kugombana na ile shule ya bweni, kwa sababu wamemkataa binti yako Ritah na alama zake nzuri vile. Unasema wanadharau watoto wa kijijini. Kaka, subiri kwanza. Mimi nilikwenda huko juzi.

Mwalimu mkuu, mama mmoja anaitwa Aboth, alinipokea vizuri. Akasema alama hazina shida. Shida ni barua niliyowaandikia shule kumsifia Ritah, kama mwalimu wake wa darasa la saba. Akafungua faili, akanisomea nilipoandika kwamba Ritah ni mtoto “cunning” kuliko wote niliowahi kufundisha. Nikamwambia hiyo ni sifa. Akanitazama, akaniuliza kwa upole nadhani neno hilo maana yake nini. Nikasema, mwenye akili. Akasema hapana, ni mtu wa hila, anayekuzunguka mpaka akupate.

Kaka, nimechoka na Kiingereza hiki! Sisi tukisema mtoto ana akili, kila mtu ameelewa. Wao wana “clever”, wana “bright”, wana “intelligent”, wana “wise”, na kamusi yangu imeyapanga yote, na “cunning” humo humo, mstari mmoja kana kwamba ni kitu kimoja. Aboth akanieleza: “clever” anashika upesi, “intelligent” anafikiri kwa kina, “wise” amefundishwa na maisha, na mtoto wa miaka kumi na tatu haitwi hivyo. Nikakaa pale naitikia kama mwanafunzi, mimi niliyeshika chaki miaka kumi na sita. Nilitaka kulia kwa hasira.

Lakini hasira hiyo si ya Kiingereza peke yake. Kuna jambo sijakuambia. Kabla sijafunga bahasha, Ritah aliisoma ile barua. Akaniuliza, “Shangazi, hili neno si la watu wanaodanganya?” Nikamkemea mbele ya wenzake. Nikamwambia mtoto hamfundishi mwalimu. Barua ikaenda hivyo hivyo.

Haya yote nilimwambia Aboth, kisha nikaandika barua nyingine palepale mezani kwake. Nafasi ya Ritah ameshapewa mwingine. Kama kuna mtoto hataripoti kufikia Ijumaa, Ritah ataingia. Zaidi ya hapo hakuniahidi.

Basi Jumatatu usiende Tororo, njoo hapa nyumbani. Ritah bado anaamini alikosea yeye, na tangu siku ile haniulizi kitu. Nataka nimwombe msamaha mbele yako, kwa sababu nikiwa peke yangu naogopa nitatafuta tena maneno ya kujitetea.

Msalimie wifi. Mungu awalinde.

Dada yako,
Loy