Sauti Iliyogusa Sakafu

Kemi mjukuu wangu,

Hapa Kagondo tu wazima, bibi yako bado anayacheka majigambo yangu. Unauliza kwa nini chipu yako ya kukuza sauti inaikatakata ilhali betri ni nzima. Ujanani nilikwama hivyo hivyo nikitengeneza kipaza sauti cha kanisani, harusi ikiwa kesho. Kwa Kiingereza changu cha majigambo nilisoma vibaya karatasi ya maelezo, nikadhani chipu inayotumia betri ya volti tisa husikia kuanzia sifuri hadi tisa.

Fundi mwenzangu Koku akapima mguu wa chipu wa kuingizia sauti, akakuta volti sifuri.

"Waitu, ndugu yangu, hii haisikii kilichogusa sakafu ya sifuri wala dari ya tisa. Ikalishe sauti katikati."

Akaunga rezista mbili zilizo sawa kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, mguu ule akauunga zinapokutana, ukapanda hadi nusu ya volti za betri. Kesho yake kiapo kilisikika hadi nje. Watu wakanipongeza mimi, na Koku akapiga makofi pamoja nao. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa kuwa kazi ile ilikuwa ya Koku.

Babu yako