Hema Pembeni ya Gari la Mkwe

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo mkwe, mume wa Tabitha wangu, amelileta lile gari nilione. Haisi kuukuu. Ametoa viti vyote vya nyuma, kaweka kitanda cha kukunja, jiko la gesi, tangi la maji, mapazia. Miezi minne ya kazi pale gereji. Nilisimama mbali nikasifia magurudumu. Ndani sikuchungulia.

Ijumaa ni Nane Nane. Wanataka twende Robanda, tulale siku mbili pembeni ya hifadhi. Na mimi mwenyewe ndiye niliyeomba! Miaka hamsini na tatu hapa Kerende, milipuko ya mgodi naijua mpaka saa zake, lakini twiga nimemwona kwenye kalenda tu.

Tatizo ni kulala. Kwetu mama mkwe halali paa moja na mume wa binti yake, wala kitanda chao hakioni. Hata jina lake sijalitamka tangu ng'ombe wa mahari walipofika nyumbani, miaka sita sasa. Namwita mkwe. Naye ananiita mama, macho chini. Kijana mwema.

Gari likitembea ni gari, sina neno. Likisimama kitanda kikafunuliwa — ni chumba chao.

Jumanne, 5 Agosti

Mama Agness wa Dorkasi, kikundi cha akina mama pale kanisani, kaniazima hema la makambi ya kanisa. Zipu imekufa. Kasema nifunge kwa pini, kama nepi.

Tabitha kaja jioni, kanuna. Eti makambi ninalala na watu mia tatu uwanja wa shule, Robanda kuna tembo. "Kitambaa hicho, mama, simba ataona ni kanga yako imeanikwa." Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema mumewe ameshapima plaiwudi ya kugawa gari katikati. Nikamuuliza, na paa nalo atalikata?

Wifi yangu Mokami alikuwa anachambua mboga, akadakia: "Mwache akalale chumba cha mkwe wake, tena chenye magurudumu. Atakuwa wa kwanza ukoo mzima."

Tabitha kaondoka bila kunywa chai.

Alhamisi, 7 Agosti

Usingizi hakuna. Zahanati wamepima presha, iko juu. Nesi kaniuliza nina mawazo gani. Ningeanzia wapi?

Nimepima pande zote mbili. Nikiuawa na mnyama, watu watalia, watanizika, watarudi shambani. Nikilala mle ndani, watanisema hata wajukuu wangu wakiwa wazee. Nimemwomba Mungu anionyeshe. Kimya. Au kanionyesha, mimi sikupenda.

Basi hema. Nimempigia Tabitha: hatari hii ni yangu peke yangu, haimhusu mtu. Halafu mkwe akachukua simu. "Sawa, mama. Nitaegesha karibu na wewe."

Jirani yangu Gati kaniletea ndizi mbivu, kichane kizima, za Sabato. Zinanukia nyumba nzima.

Ijumaa, 8 Agosti, Robanda, saa kumi na moja jioni

Tumefika salama. Nilikaa dirishani, Tabitha katikati, mkwe kwenye usukani. Mto Mara tulivuka mchana, Mugumu tukanunua mkate. Na nimewaona pundamilia! Kama arobaini, wanakula karibu na mbuzi wa watu, hakuna anayemshangaa mwenzake. Nililia kidogo. Sifa kwa Bwana.

Mlinzi wa hapa ni mzee Rubeni, mwenyeji. Nilimpa shikamoo. Kasema wiki hii tembo wamemaliza mihogo ya familia mbili. Chakula chote kiwekwe ndani ya gari, hata ganda la chungwa.

Leo ndiyo siku ya maandalio ya Sabato, nimepika cha kesho chote mapema. Maharage, viazi. Tabitha na mumewe wamekwenda kuchota maji. Kitanda wameshakifunua, mimi humo siingii. Nimeweka kila kitu hemani, na ndizi. Akirudi nitampa aingize.

Siku hiyohiyo, saa kumi na mbili na nusu

Niko ndani ya gari. Naandika mikono itulie.

Walirudi, mimi nikasahau chakula hemani. Nilikuwa hemani naimba wimbo wa kufungua Sabato, upande mmoja ukaingia giza. Nikafikiri wingu. Lilikuwa tumbo la tembo.

Mzee Rubeni akasema kutoka kibandani kwake, taratibu kabisa, "Mama, toka. Nenda kwenye gari. Usikimbie." Pini mbili zilifunguka, ya tatu nikaing'oa na kitambaa chake. Nilipofika mlangoni, mkwe alikuwa ameshashuka. Kageuza uso, kanipisha. Hatukugusana. Mlango kaufunga yeye, kutoka nje.

Tabitha kamnong'oneza dirishani arudi ndani. "Mama yumo," mkwe akasema. Tabitha akasema basi akae mbele, kwenye usukani. "Paa ni hilohilo," mkwe akajibu.

Maneno yangu hayo.

Kibanda cha mzee kiko ng'ambo, tembo yuko katikati anakula ndizi za Gati. Wengine wawili wanakuja kutoka kwenye mihogo. Mzee kasema tusiwashe gari, tusipige kelele.

Nilisema hatari ni yangu peke yangu.

Mkwe ameegemea gurudumu la nyuma. Nayaona mabega yake. Tabitha ananitazama. Tembo kamaliza ndizi, kageuka.

Nikisema "mkwe, ingia," atajibu hapana, mama. Mkwe haingii alipo mama. Lazima nimwite kwa jina, kama ninavyomwita niliyemzaa.

Vicent.

Nimeliandika. Nafungua dirisha polepole, nalitamka —