Jembe la Baba Halirudi Mstarini

Buswelu,
Mwanza.
17 Novemba 1996

Mpendwa Baba Mkubwa Ngosha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Usangu, pamoja na Mama Mkubwa Tereza. Yule ndama aliyekuwa akichechemea, amepona? Sisi hatujambo, isipokuwa Baba, na kwa ajili yake naandika.

Barua yako ilifika Jumatatu, nikaisoma kwa sauti mbele ya wote kama kawaida. Pale uliposema Baba arudi kulima na wenzake ili jasho limtoe maji yaliyomjaa tumboni, ningeweza kuyaruka maneno hayo nisiyasome. Sikuyaruka. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kunoa jembe.

Baba Mkubwa, unisamehe, lakini hapo umekosea.

Mwezi wa tisa Baba alitapika damu akiwa na gunia la pamba begani. Hospitali walisema ni kichocho alichopata ziwani tangu utoto, kimeliharibu ini. Daktari alinichorea kwenye daftari langu la biolojia. Damu ya tumboni hupita kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Njia ya ini ikiziba, damu inarundikana nyuma yake na kujipenyeza kwenye mishipa myembamba ya koo. Mtu akilima kwa nguvu, misuli huivuta damu kwake, ini linazidi kupungukiwa, na huku nyuma msukumo unapanda. Mshipa ukipasuka, ndiyo damu ile tuliyoiona. Kutembea taratibu amemruhusu. Jembe na gunia, hapana. Na jasho haliyatoi maji yale.

Jana kundi lake la kulima lilikuja na ngoma kumchukua. Unawajua, asiyekwenda na mdundo huchekwa mpaka mavuno. Mzee Nkwabi, kiongozi wao, akasema, "Chenge, siku hizi umejificha nyuma ya sketi ya binti?" Wakacheka. Baba akainuka.

Mimi hata jina langu likiitwa darasani najibu kwa kunong'ona. Lakini nililishika jembe.

"Shikamoo, Mzee. Leo mstari wa Baba ni wangu."

"Marahaba. Utauweza?"

"Utaniona."

Nililima hadi saa sita. Nilikuwa wa mwisho, wakanicheka sana, na malengelenge ndiyo yameharibu mwandiko huu. Baba alikaa pembeni akiwaimbia. Hakutapika.

Ameniagiza nikuandikie kwamba atarudi mstarini mvua zikikolea. Nimeandika kwa kuwa ameagiza. Ila jembe lake nitalipeleka shuleni kesho, kwa kazi za shamba la shule. Nimeshachonga jina langu kwenye mpini. Litakaa stoo mpaka nimalize kidato cha nne, na sasa niko cha pili.

Bibi Paskazia na mdogo wangu Nestory wanakusalimu. Nisalimie Kija na watoto wake. Mungu akulindie nyumba na malisho. Ukiandika tena kwamba Baba alime, nitamsomea neno kwa neno, kisha nitakujibu hivihivi.

Mwanao akupendaye, ingawa safari hii hakutii,

Teodora Chenge